Kabla ya Desemba, Tujue Kwanza Tuko Wangapi

Leo sina vichekesho. Leo nataka tuongee kuhusu geti.

Ndio, geti. Pale unaposimama kwa jua kali na viatu vipya, simu iko asilimia kumi, na baunsa anakuangalia kama mtu aliyeiba kuku wa mama yake.

Desemba moja nilipata kazi ya kusimama getini kwenye shughuli moja hapa Rusinga. Sitaitaja, na kabla hujaanza kukisia, haikuwa Rusinga Festival. Waliopanga hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka, hawakuwa na pesa za kutosha, na walidhani mambo yatajipanga yenyewe. Nilipewa fulana, simu ya kuskani tiketi, na maagizo ya sentensi moja: "Asiye na tiketi asipite." Basi. Hakuna aliyeniambia mahali panabeba watu wangapi. Hakuna aliyeniambia nifanye nini pakijaa.

Mpaka saa tisa mambo yalikuwa fiti. Saa kumi umati ukafika kwa mkupuo, boda juu ya boda, kila mtu anarusha video, na netiweki ikalala. Simu yangu ikawa inazungusha kale kaduara tu. Foleni ikasimama. Aliye mbele ananiona nikihangaika, anaelewa. Aliye nyuma haoni chochote, anasikia tu ngoma ikilia ndani, kwa hivyo anasukuma. Wakati huo huo magari ya wakubwa yanapitishwa upande mwingine bila hata kushusha kioo. Watu wakaona hiyo. Dakika kumi baadaye mabati ya ua yakafunguka na wasee wakaingia kama omena kwenye wavu.

Nikajiambia, sawa, acha waingie, angalau foleni imeisha.

Halafu saa moja jioni mama mmoja akanijia mbio, leso imemwanguka begani. Mtoto wake wa miaka sita, gauni la njano, haonekani. Akanishika mkono. "Si wewe ndiye ulikuwa getini? Umemwona akitoka?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama hapo tangu asubuhi, nimevaa fulana imeandikwa mgongoni kwamba mimi ni wa usalama, na sikujua kama mtoto ametoka ama bado yuko ndani. Hakuna aliyejua. Hatukuwa tumehesabu wanaotoka. Hata wanaoingia tulikuwa tumeacha kuwahesabu. Na ukitoka nje ya ule ua, hatua chache tu, unakuta ziwa.

Mtoto alipatikana baada ya saa mbili hivi, amelala chini ya meza ya mama wa mandazi, mzima kabisa. Watu wakacheka, MC akafanya mzaha, ngoma ikaendelea. Mimi sikucheka. Ule mkono wa yule mama bado nausikia.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nataka tukubaliane leo. Tunadhani kazi ya geti ni kuzuia asiyelipa. Hiyo ni kazi yake ya pili. Kazi ya kwanza ya geti ni kujua tuko wangapi, nani yuko ndani, na kama bado kuna nafasi ya mtu mwingine. Geti lisilojua hayo ni pambo tu.

Na sisi watu wa ziwa ndio tungefaa kuelewa hii haraka kuliko mtu yeyote. Nahodha mzuri wa boti ya kwenda Mfangano hajazi watu kwa sababu wamelipa wote. Anaangalia maji yamefika wapi kwenye ubavu wa boti. Akizidisha, ziwa halitamuuliza risiti.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, upande wa pili wa ziwa hili hili. Zaidi ya watu 800 walikufa. Meli iliruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria ilikuwa na majina 443, lakini hayo yalikuwa ya daraja la kwanza na la pili peke yake. Daraja la tatu, la watu wa tiketi ya bei ya chini, halikuwa na orodha. Soma hiyo tena polepole. Waliolipa zaidi waliandikwa. Waliolipa kidogo hawakuandikwa, na baada ya hapo ikabidi watu wasimame ufuoni wakikisia nani alipanda na nani hakupanda.

Ungedhani tulijifunza. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kimejaa kupita kiasi chake cha watu 101. Walikufa 228. Idadi ya waliopanda ilikuwa ngumu kujulikana, kwa sababu aliyekuwa akikata tiketi alikufa maji na mashine yake ikapotea naye. Yaani hesabu yote ya watu ilikuwa mahali pamoja, na hapo mahali pakazama.

Uwanja wa shughuli ni meli pia, omera. Tofauti ni kwamba uwanja huoni ukizama.

Ukitaka mfano wa nchi kavu, uliza shabiki yeyote wa Gor Mahia wa umri wa mjomba wako. Oktoba 23, 2010, mechi ya Gor na AFC Leopards pale Nyayo, watu saba walikufa kwenye msongamano wa kuingia. Walienda kuangalia mpira. Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashabiki wasio na tiketi waliingia Kasarani kwa nguvu mechi za Kenya, mpaka CAF ikasema inatosha: mechi na Zambia ya Agosti 17 iwe na watu 27,000 tu, kwa tiketi za kielektroniki peke yake, katika uwanja wa watu 48,000. Maelfu ya viti vikakaa vitupu nyumbani kwetu, timu yetu ikicheza vizuri, kwa sababu hatukuweza kusimamia mlango.

Halafu Oktoba 16 mwaka huo huo. Najua kwa wengi wetu huku bado ni kidonda. Mwili wa Baba ulipopelekwa Kasarani ili watu wamuage, umati ulifurika, geti likavunjwa, risasi zikafyatuliwa, na kuna waombolezaji ambao hawakurudi nyumbani. Siku mbili baadaye, Mamboleo kule Kisumu, wengi wakaumia kwenye msukumano wa kutaka kumwona. Sisemi watu wangeuziwa tiketi. Msiba hauna bei, na aliyeenda kulia hakustahili risasi. Ninachosema ni kwamba kila mtu nchini alijua watu watakuja. Kama kuna kitu tungeweza kupanga kwa ajili ya mtu aliyependwa vile, ni foleni yenye njia, yenye maji ya kunywa, na yenye mtu wa kusema "hapa pamejaa, subirini, zamu yenu inakuja."

Kuna wanaosema "ajali haina kinga." Mimi hiyo methali kwenye mambo ya umati nimeikataa. Hebu tupige hesabu ya darasa la sita uone.

Chukulia watu 4,000 wanataka kuingia, na uko na mageti mawili. Kila mtu anachukua sekunde 10: kuonyesha tiketi, kupekuliwa, kupita. Geti moja linapitisha watu 6 kwa dakika, yaani 360 kwa saa. Mageti mawili ni 720. Ukifungua saa nane mchana, mtu wa mwisho anaingia saa moja na nusu usiku. Sasa netiweki iyumbe, kila mtu achukue sekunde 30. Mageti mawili yanapitisha watu 240 kwa saa. Itakuchukua zaidi ya saa 16. Mtu wa mwisho anaingia kesho yake kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wewe unakunja hema.

Uingereza, nchi iliyopoteza mashabiki 97 baada ya msongamano wa Hillsborough mwaka 1989, ina mwongozo wa viwanja unaosema geti moja la kuzunguka lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Hiyo ni mashine nzuri, mahali palipopangwa. Wewe uko na kijana mmoja, simu moja yenye skrini iliyopasuka, na unatarajia maajabu.

Kwa hivyo ua ukivunjwa, usikimbilie kusema "vijana wa siku hizi hawana adabu." Mara nyingi hesabu ilikuwa imeshavunja ua asubuhi, kabla mtu hajafika. Na ukitaka kujua kwa nini nalia hivi: watu wakishafika watano au sita kwenye mita moja ya mraba, mwili wako unaacha kukutii. Unabebwa. Wengi wanaokufa kwenye msongamano hawakanyagwi. Wanakufa wakiwa wamesimama, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kupanuka.

Sasa, kuna hoja moja naiheshimu, na niliisikia kwa dani yangu. Nilipomwambia tunataka watu wajiandikishe kabla ya kuja, aliguna. Akasema kwetu hatufungi mlango. Abasuba na Wajaluo, mtu akija kwa sherehe ama kwa matanga, hupewi orodha uangalie kama jina lake liko. Mgeni ni mgeni. Wewe unaleta mambo ya mjini, ya watu kukaa na karatasi mlangoni.

Nilinyamaza. Halafu nikamkumbusha kitu. Dani anauza omena. Akiwa anapokea mzigo ufuoni, ana kikopo cha punje za mahindi. Kila gorogoro likipita, anaangusha punje moja. Hajaenda shule sana lakini hujawahi kumwibia hata gorogoro moja. Na siku ya sherehe nyumbani kwake, kabla hajawasha moto, anauliza: mtakuwa wangapi? Anauliza kwa sababu anataka kila mtu ale. Hakuna mgeni amewahi kuona hilo swali ni tusi.

Akacheka. Akasema, "Nyathina, kwani nyinyi omena mnahesabu kwa gorogoro, na watu mnawahesabu kwa macho?"

Hapo dani alikuwa amemaliza mjadala.

Kwa hivyo hata shughuli ikiwa ya bure, watu waandikishwe. Tena ya bure ndiyo ihesabiwe zaidi, kwa sababu ya kulipia angalau pesa zinakuambia idadi. Ya bure ndiyo daraja la tatu letu. VIP wana majina yao, viti vyao, mtu wa kuwapokea. Wengine tunaitwa "umati." Mtu akipotea kwenye umati, unaanza kumtafuta wapi?

Lakini tuwe wakweli pia kuhusu vile watu wanaandikishwa. Juzi nimeona bango la shughuli limeandikwa "jisajili kwa linki." Basi. Linki. Mvuvi wa Litare aliye na kabambe ataifungua na nini? Dani ataifungua na nini? Ukiweka usajili kwa linki peke yake, umeamua nani si mgeni wako, na hata hukujua umeamua. Weka linki kwa sisi tulio na bando. Weka namba ya kutuma ujumbe mfupi kwa wa kabambe. Halafu weka daftari: moja kwa ofisi ya BMU kila ufuo, moja kwa stendi ya boda, moja pale Mbita upande wa daraja. Karani apewe pesa ya chai, aandike jina na idadi ya watu wanaokuja. Kazi imeisha.

Na tuna bahati ambayo Nairobi hawana. Kisiwa chenyewe kina geti. Kwa barabara, njia ya kuingia Rusinga ni moja, daraja la Mbita. Wengine wanakuja kwa boti, na boti zinatia nanga mahali panapojulikana. Mtu mwenye daftari darajani asubuhi atakuambia kabla ya saa sita kama leo ni elfu moja ama ni elfu nne. Hiyo ni saa kadhaa za kujipanga: kuongeza geti, kuita wasaidizi, ama kutangaza redioni kwamba pamejaa.

Siku yenyewe, mambo ninayotaka kuona ni machache na hayahitaji mamilioni.

Kwanza, tiketi zisomwe bila intaneti. Orodha yote ipakuliwe kwenye simu za getini usiku uliotangulia, na nakala ya karatasi iwe kwa bahasha. Kumbuka mashine ya MV Nyerere. Hesabu isikae mahali pamoja. Na kama simu za mageti mawili haziongei, gawa watu: tiketi za rangi hii geti la kaskazini, rangi ile geti la kusini. La sivyo tiketi moja itaingiza watu wawili, mmoja kila upande, na nyote mtaapa hamkukosea.

Pili, kila anayeingia avishwe ukanda wa karatasi mkononi. Ukanda ukiisha, nafasi imeisha. Rangi ya mtoto iwe tofauti, na ndani yake iandikwe namba ya simu ya mzazi kwa kalamu isiyofutika. Kama yule mtoto wa gauni la njano angekuwa na ukanda huo, mama wa mandazi angepiga simu na kila mtu angeenda kucheza baada ya dakika tano.

Tatu, hesabu wanaotoka pia. Mtu mmoja kila mlango wa kutoka, na kale kadude ka kubonyeza kwa kidole, ama punje za mahindi kama dani. Walioingia toa waliotoka, unajua walio ndani. Na milango ya kutoka iwe wazi, mipana, isiyofungwa kwa kufuli "ili watu wasiingie bure." Januari 1, 2023, kwenye jumba la maduka la Freedom City karibu na Kampala, mkesha wa mwaka mpya uliisha kwa vifo vya watu wasiopungua 9, wengi watoto, kwenye msukumano wa mlangoni baada ya watu kualikwa nje kutazama fataki. Fataki za dakika chache tu.

Nne, magari ya wakubwa yapite njia yao mbali, ama yapange foleni kama sisi. Kuwapitisha mbele ya watu waliosimama juani saa tatu ni kuwasha kiberiti. Mheshimiwa, ukitaka kupita haraka, fika mapema. Foleni ya saa nne asubuhi huwa fupi sana.

Tano, watu wa geti walipwe na wafundishwe. Mimi nilipewa fulana na soda. Yule kijana unayemwachia maisha ya watu elfu nne anastahili zaidi ya soda, na anastahili kujua neno moja: "simama." Lazima awepo mtu mmoja, anayejulikana, mwenye mamlaka ya kufunga geti pakijaa hata kama mwenye shughuli analia kuhusu hasara. Na wapekuzi wawe wa kiume na wa kike. Hatutaki dada zetu wapapaswe na mabaunsa halafu tuite hiyo usalama.

Sita, orodha yenyewe ilindwe. Hii inanikera sana. Kuna fomu zinauliza namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na mahali unapoishi, ili tu uende kuangalia mieleka na mashindano ya mashua. Za nini? Rafiki yangu mmoja aliandika namba yake kwenye daftari la geti, na usiku huo huo akaanza kupokea jumbe za "sasa mrembo" kutoka kwa msee wa mlangoni. Alibadilisha laini. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na inasema uchukue kile tu unachohitaji, kwa kazi uliyosema, usikae nacho milele. Sio sheria ya mapambo. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Kwa hivyo jina, simu, basi. Shughuli ikiisha na kila mtu akiwa amefika nyumbani, choma daftari, futa faili.

Nimewasema waandaaji. Sasa tujiseme sisi.

Ile tabia ya mtu kununua tiketi moja, kupiga skrinishoti na kuituma kwa kundi la WhatsApp la watu kumi, tuiache. Msimbo ukisomwa mara moja umekufa. Wa kwanza anaingia, tisa wanabaki getini wakipiga kelele "nimelipa," na hao tisa ndio wanasimamisha foleni ya watu mia. Usiku unarudi nyumbani unasema waandaaji ni wezi. Hapana, bana. Mwizi wa siku hiyo alikuwa na simu yako.

Na kuruka ua. Nimewahi kuruka, sitajifanya malaika. Nilikuwa na miaka 16, nilichana suruali na nilijiona shujaa mwaka mzima. Sikujua kwamba kila anayeruka ni mtu mmoja ambaye hayuko kwenye hesabu. Kukitokea moto, kukitokea msukumano, watamtafuta kila aliyeandikwa. Mimi nani angejua nilikuwa ndani? Niliiba kiingilio na papo hapo nikajifuta kwenye orodha ya walio hai.

Haya mambo hayatapungua, yatazidi. Juni 1, 2025 Homa Bay ilipokea Madaraka Day, na nchi nzima ikajua njia ya kuja huku. AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na dunia itakuwa inaangalia mageti yetu. Na hapa kisiwani, kila Desemba Rusinga Festival inaita watu kuja kuonja, kucheza na kusikia Kisuba kikiongewa bila aibu. Nataka waje. Nataka waje wengi kuliko mwaka jana. Nataka mtoto aliyezaliwa Nairobi asimame kwenye kaburi la Tom Mboya mchana, na jioni apotee kidogo kwenye umati kama sisi tulivyopotea, halafu apatikane kwa dakika tano.

Kwa hivyo kama unapanga kitu Desemba hii, hata kama ni mechi ya kijiji ama ngoma ya ufuoni, nina swali moja tu kwako. Uliza kabla ya kutafuta msanii, kabla ya kuchapisha bango, kabla ya kutafuta mdhamini. Mahali pako panabeba watu wangapi, na utajuaje wakifika?

Kama huna jibu, njoo nikupeleke kwa dani. Ana kikopo na punje za mahindi, na hatakutoza kitu.